Tairi la Baba Tumsifu

Wapendwa, leo nawaomba tutoke humu kanisani kidogo, twende mahali ambapo wengi wenu hamjawahi kukanyaga: kwenye mbio za magari. Si zile kubwa za kwenye televisheni. Hizi ni za watu kama mimi na wewe. Huyu ana duka, yule ni daktari wa mifugo, mwingine anafundisha hesabu, na siku za kazi ukikutana nao barabarani wanaendesha taratibu utadhani wamebeba mayai. Ikifika Jumamosi wanavaa helmeti, wanaingia kwenye magari makuukuu waliyoyang'oa viti vya nyuma, na wanakimbizana kwenye changarawe mpaka huwezi tena kujua mtu alivaa shati la rangi gani.

Kulikuwa na bwana mmoja wa namna hiyo. Tumwite Baba Tumsifu. Aliuza saruji na mabati, na alikuwa na kigari chekundu alichokipenda kupita kiasi. Miaka nenda miaka rudi alishindana, na hakuwahi kubeba kikombe. Mara injini ichemke, mara ekseli ikatike. Msimu uliotangulia alikuwa anaongoza kabisa, mzunguko wa mwisho, watu wameshaanza kumpigia makofi. Kwenye kona ya mwisho mwenye gari la kijani akamgonga ubavuni, akamtupa kwenye miiba, akapita, akashinda. Jioni yake akamcheka mbele ya watu: "Mzee, rudi ukauze saruji!"

Maneno yale Baba Tumsifu alikaa nayo mwaka mzima. Alikula nayo, akalala nayo.

Basi mashindano yakarudi. Jumamosi ni majaribio, Jumapili mchana ni mbio zenyewe. Ndiyo, Jumapili. Waliwahi ibada ya kwanza, msianze kunong'ona. Mkewe, Mama Tumsifu, akaenda naye kama alivyozoea: akafunga turubai kwenye pikapu, mkeka, chupa za chai, chapati, na dumu la maji. Gari jekundu likavutwa nyuma kwa kamba.

Jumamosi Baba Tumsifu akafanya majaribio yake, akatoka akiwa ameridhika, koo limekauka, vumbi mpaka kwenye nyusi. Akaenda moja kwa moja kwenye turubai.

"Mke wangu, maji yako wapi?"

"Nimempa yule wa gari la kijani. Rejeta yake ilikuwa inafuka."

Baba Tumsifu akavua helmeti polepole. "Yule? Unamjua yule ni nani?"

"Namjua. Ndiye aliyekugonga."

"Na ukampa maji yangu ya kunywa."

"Chai ipo."

Jamani! Jua la saa saba, mtu ametoka kumeza vumbi la uwanja mzima, anaambiwa chai ipo! Ungekuwa wewe, ungejibu nini? Yeye alijimiminia. Alikunywa ile chai ikamchoma ulimi, na alipoinua macho akawaona mafundi wa yule yule bwana wa kijani wamekaa kwenye boneti lao, wanakula chapati. Hakuhitaji kuuliza zimetoka wapi. Alizijua kwa mikunjo yake. Akasema moyoni, nyamaza. Nyamaza tu. Kesho nikishinda, haya yote yatakuwa ya kuchekesha.

Jumapili gari likaamka vizuri. Kuna siku chombo kinakutii, unakigusa kidogo tu kinaelewa. Kwenye mchujo Baba Tumsifu aliwapita wote, na mtangazaji akalitaja jina lake kwenye kipaza sauti mara mbili. Fainali angeanza mstari wa mbele kabisa. Miaka yote ile, hakuwahi kuanza mstari wa mbele.

Alipokuwa anatoka uwanjani akasikia gari linavuta upande. Akashuka kutazama. Jiwe lilikuwa limechana tairi la mbele, limefunguka kama mdomo. Hakuhangaika. Tairi la spea si lipo kwenye pikapu? Akatoa jeki, akalegeza nati, akalivua lililochanika, akaenda kuchukua zima.

Akafunua turubai. Akasogeza dumu tupu. Akainama mpaka chini ya kiti.

"Mama Tumsifu. Tairi la spea liko wapi?"

Mkewe aligeuza uso. Alikuwa anatazama kule kwenye mstari wa kuanzia, ambako magari ya fainali yalikuwa yanajipanga. Baba Tumsifu akafuata macho yake. Akaliona gari la kijani. Ringi tatu za kijani, na ringi moja nyekundu, aliyoipaka rangi yeye mwenyewe, kwa mkono wake, nyuma ya duka.

"Alikuja wakati uko kwenye mchujo, yeye zamu yake imeshapita," mkewe akasema. "Lake lilikuwa limepasuka na hana jingine. Akaniomba."

"Na ukampa!"

"Wewe ulikuwa na manne mazima, Baba Tumsifu. Yeye alikuwa na matatu. Gari haliendi kwa matatu."

"Hukuniuliza! Kitu changu, na hukuniuliza!"

"Kweli, sikukuuliza. Hapo nimekosa. Pole, mume wangu."

Naona kina baba mnatikisa vichwa. Tikiseni tu, mna haki. Mama alipaswa kuuliza, na mwenyewe amekiri. Lakini kukiri hakufungi gurudumu. Baba Tumsifu alikimbia na helmeti yake mkononi mpaka kwenye gari la kijani, akagonga mlango kwa kiganja.

"Nipe tairi langu!"

Yule bwana akamtazama kwa utulivu kabisa. "Mama amenipa. Nikimaliza nitalirudisha." Akashusha kioo cha helmeti.

Akahangaika kwa madereva wengine. Huyu tairi zake ni kubwa, yule ana nati tofauti, mwingine anaona huruma lakini hana la kumpa. Bendera ikashushwa. Magari yakaondoka kwa mpigo, na ile nafasi ya mstari wa mbele ikabaki wazi. Baba Tumsifu akasimama kwenye kamba pamoja na watazamaji, mtu mzima na ovaroli yake, akatazama tairi lake likizunguka kona baada ya kona. Likashinda. Alilipaka rangi yeye, na likashinda akiwa amesimama pembeni na wauza karanga.

Sasa nyinyi mnasubiri niwaambie kwamba yule bwana alikuja na kikombe mkononi, akatokwa na machozi, wakakumbatiana. Nawajua. Mnapenda hadithi za namna hiyo.

Hakufanya hivyo. Alikuja akilivingirisha tairi kwa mguu. Limekwisha meno yote, halifai tena kwa mashindano. Akaliacha likaangukia ukingo wa mkeka alipokaa Mama Tumsifu, akasema, "Hata hivyo lilikuwa linateleza sana." Akaenda zake kupiga picha.

Hata asante? Hata asante hakusema.

Wakafunga mizigo. Wakalirudishia gari jekundu lile tairi lililokwisha, lifike nyumbani tu, wakalifunga kwa kamba, wakaondoka. Njiani Baba Tumsifu akaanza, na alipoanza hakupata breki. Akasema la maji. Akasema la chapati. Akasema la mwaka jana, miiba, saruji, kicheko. Mkewe amekaa kando yake, mikono mapajani, anasikiliza.

"Umepata faida gani?" akauliza. "Niambie. Umemnywesha, umemlisha, umempa tairi la mumeo, na amekutupia kama takataka. Umepata nini?"

"Sikumpa ili nipate."

"Basi kwa nini? Mtu kama yule anastahili nini kwako? Tangu lini mtu akukosee, halafu wewe ukaenda kumsaidia kwa mikono yako miwili?"

Mama Tumsifu akageuka, akamtazama kwa mara ya kwanza tangu watoke uwanjani.

"Cherehani ya mama yangu," akasema, "ulipoiuza ukanunulia hili gari injini, uliniuliza?"

Wapendwa, pikapu ilipunguza mwendo yenyewe.

Maana hilo sijawaambia. Mama yake Mama Tumsifu alipofariki, alimwachia cherehani. Ndiyo iliyomlea, ndiyo iliyomsomesha, na ndiyo kitu pekee alichorudi nacho kutoka nyumbani kwao. Siku moja alisafiri, na aliporudi akakuta meza tupu, na uani mumewe anashangilia injini mpya.

"Hilo ni la zamani," Baba Tumsifu akasema. Sauti ilikuwa imepungua.

"La zamani, ndiyo. Na Jumamosi iliyofuata ulipotoka nje na funguo, ulinikuta wapi?"

Alikumbuka. Alimkuta ameshakaa kwenye kiti cha mbele cha pikapu, kilemba kimefungwa, chupa ya chai miguuni, anamsubiri waende uwanjani. Na alikumbuka pia alivyofurahi siku ile. Alijiambia, afadhali, yamekwisha.

Akaegesha pembeni. Akashuka, akaenda nyuma kukagua kamba ya kuvutia gari. Kamba haikuwa na tatizo lolote. Alisimama pale, mkono juu ya boneti jekundu ambalo chini yake ilikuwamo ile injini, na kwa mara ya kwanza hakuipenda. Wikiendi nzima alikuwa anauliza ni mke gani huyu anayewapa watu wasiostahili. Kumbe wa kwanza kupewa alikuwa yeye. Na yeye naye hakusema asante.

Akarudi, akakaa, hakuwasha.

"Mimi nilidhani umesahau," akasema.

"Sikusahau, Baba Tumsifu. Nilikusamehe. Ile cherehani mpaka leo naiota."

Hapo bwana yule alilia, wapendwa. Kikombe kilipompita hakulia, akaja kulia hapo, kando ya barabara, na malori yanapita.

Sasa tuseme na sisi.

Sisi hatuna ugomvi na huruma ya Mungu ikituangukia sisi. Hapo tunaimba. Tatizo letu ni ikimwangukia yule. Yule aliyetugonga, akatucheka, na wala hajaomba radhi. Mungu akimpa yule mtoto, akimponya, akimfungulia njia, tunarudi nyumbani tumenuna: "Bwana, humjui huyu? Unampa huyu?" Anamjua. Na sisi anatujua. Ni kitu gani tulichouza bila kumuuliza, tukarudi asubuhi tukamkuta bado anatusubiri, na sisi tukasema afadhali, amesahau?

Hakusahau, ndugu zangu. Alisamehe. Na ilimuuma.

Nasema haya kwa sababu moja. Jumapili iliyopita aliingia humu mtu ambaye kila mmoja wetu anajua alichotufanyia. Nami najua. Kiliniumiza kama kilivyowaumiza. Alikaa kwenye benchi, na mimi nikiwa hapa mbele nililiona benchi lile likisogea. Mmoja alihamia upande wa pili, mama mmoja akamvuta mwanawe, na mpaka tunamaliza wimbo yule mtu alikuwa amebaki peke yake na kitabu chake cha nyimbo.

Leo amekuja tena. Msigeuke kumtazama. Amekaa nyuma, karibu na mlango, kama mtu aliye tayari kuondoka.

Mahubiri yangu yameishia hapa. Tutasimama sasa tupeane amani. Najua mmezoea kumpa mkono aliye karibu nawe halafu mnakaa. Leo hatukai mapema. Kutoka benchi la mbele mpaka mlangoni kuna hatua kadhaa, na njia ya katikati ni pana.

Mimi natangulia.