Sharti la Kinu cha Bi Unaysa

Imepokewa kutoka kwa wasimulizi wa habari za waja wema kwamba ilikuwa siku ya Jumanne, mara tu baada ya sala ya adhuhuri, maji ya mto yalipolizungusha jiwe la kinu kwa mara ya kwanza. Wako wasemao ilikuwa Jumatano; waliokuwepo wamesema Jumanne.

Kinu hicho kilijengwa na Bi Unaysa, Mwenyezi Mungu amrehemu, mjane mcha Mungu wa kijiji kimoja cha wakulima wa ngano. Aliwaona wanawake wakisaga kwa mawe ya mkono tangu alfajiri, migongo ikiwauma, akawahurumia. Akakifanya kinu kuwa wakfu, mali iliyotolewa kwa Mungu daima, kila mtu asagiwe bila malipo. Mbele ya mashahidi wawili akaweka na sharti, kwamba waendeshaji wake, watakaolishwa na shamba aliloliweka wakfu pamoja na kinu, wawe wanaume wa ukoo wa marehemu mumewe. Hakuna aliyeshangaa, kwani ndivyo mambo yalivyokuwa yakifanywa. Kila Ijumaa imamu akawa anamwombea dua kwa jina lake.

Mwaka uliofuata, alipokuwa akigawa chakula mwishoni mwa Ramadhani, alimwona Rayta kwenye safu ya wapokeaji. Rayta alikuwa akisaga ngano ya watu kwa ujira, na hakuwahi kupokea sadaka ya mtu.

"Rayta! Si wewe uliyekuwa ukinirudishia sadaka yangu mlangoni? Umepatwa na nini?"

"Nimepatwa na kinu chako, bibi."

Wanawake waliokuwa nyuma yake wakaziba midomo kuficha kicheko. Rayta akainua viganja vyake. "Tazama, sugu zote zimekwisha. Mikono ya bi harusi! Ila bi harusi mwenyewe alianza kufunga kabla ya Ramadhani."

"Nilitaka mpumzike," akasema Bi Unaysa.

"Tumepumzika, bibi. Mungu akulipe kwa nia yako. Lakini ungetuuliza, tungekwambia utuweke sisi humo kinuni. Kazi ya unga ni yetu."

Alasiri ile Bi Unaysa akaenda kwa kadhi kuomba sharti libadilishwe. Njiani dada yake Lubaba akamnong'oneza, "Mashahidi wako wamekwisha kufa wote wawili. Sema hukutaja wanaume. Nani atakupinga? Tena ni kwa ajili ya maskini, si kwa ajili yako."

Kadhi akamsikiliza, kisha akasema, "Sharti la mweka wakfu halibadilishwi, hata na yeye mwenyewe. Basi nieleze, je, uliliweka?"

Bi Unaysa akamtazama dada yake, kisha akamgeukia kadhi.

"Nililiweka," akasema. "Kwa ulimi wangu huu."

"Basi limesimama."

Alirudi nyumbani akilia. Akamtuma mtu kwa imamu, kumwomba asimtaje tena kwenye dua ya Ijumaa.

Ndugu zangu, sisi huziuliza nyoyo zetu kama nia ni njema, nazo hujibu kwamba ni njema, na huenda ni kweli. Tunasahau kumuuliza yule tunayemtendea. Ukweli aliousema Bi Unaysa ulimwokoa yeye. Haukuwapa wanawake wale kinu. Tuyakumbuke yote mawili pamoja.

Asubuhi iliyofuata, jua lilipochomoza, alikwenda kwa Rayta mikono mitupu. Rayta akamwonyesha pa kukaa. Lilikuwa jiwe lake la kusagia, limepinduliwa likafanywa kiti. Bi Unaysa akalitazama, kisha akaketi chini vumbini, kando ya jiwe.

"Kinu kimekwisha kunitoka mkononi," akasema. "Lakini shamba jingine, la kando ya mto, bado ni langu, na sijalitamkia neno la wakfu. Kabla sijafungua mdomo tena, niambieni nyinyi."

"Basi ngoja niwaite wenzangu."

Akangoja pale chini, huku akisikia kinu kikisaga.