Kamba Iliyofungwa Nyuma ya Tela

Kamba ya nyuma nayo hufikisha. Ndivyo Mama Tweve alivyowajibu leo mkutanoni, mlipotaka shamba lote la kikundi lipandwe parachichi mwaka huu huu, naye akashikilia kwamba tuanze na kipande kimoja. Niliwaona mkinuna. Sasa Aneth ameniuliza usemi huo umetoka wapi. Umetoka hapa hapa Ilevelo, katika mteremko ule unaoelekea mtoni, nami nilikuwapo ulipozaliwa.

Mwaka mmoja ugonjwa wa bakajani uliteketeza viazi vyetu vyote, hata vile vya mbegu. Lusiana Chaula, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama, alizunguka vijiji vya mbali hadi akapata mbegu safi. Lakini lori lililozileta lilikomea barabara kuu, kwa maana njia ya kuja kwetu ni nyembamba na mvua zilikuwa zimeanza kuilainisha. Mbegu zenyewe zilikuwa zimekwisha kuchipua. Zingenyeshewa pale barabarani zingeoza, na kijiji kingekaa mwaka wa pili bila viazi.

Tulizo, mtoto wa kaka yake Lusiana, alikuwa amekuja likizo na gari lake. Halikuwa lori, lilikuwa gari la ukubwa wa kati, la kubebea familia, ila magurudumu yake yote manne yalivuta. Kijana yule alikuwa na moyo. Aliazima tela, akalifunga nyuma ya gari, akapakia magunia yote kwa safari moja, kwa sababu wingu lilikuwa limekwisha kuulalia mlima. Mzigo ulikuwa mzito kuliko gari lenyewe. Gari likanguruma, likatifua tope, likapanda hadi kileleni bila kusukumwa na mtu yeyote. Watu walishangilia, naye akapunga mkono dirishani kama bwana harusi.

Kileleni aliwakuta akina mama wakimngoja na kamba za katani. Mnajua tunavyoteremsha magogo ya miti ya milingoti: kamba hufungwa nyuma ya gogo, ikazungushwa kwenye kisiki kando ya njia, kisha watu wakailegeza kidogo kidogo, kisiki hadi kisiki. Lusiana alitaka tela literemshwe vivyo hivyo. Tulizo alicheka.

"Shangazi, gari si mbuzi wa kufungwa kamba."

"Mbuzi angejisimamia mwenyewe, mwanangu. Tela lako halina breki."

"Nimelivuta peke yangu hadi huku juu. Sasa mnataka kunivuta nyuma?"

Hakungoja jibu. Alitia gia ndogo, akaanza kushuka kwa uangalifu, na mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Kisha njia ikainama. Tela, lililokuwa likivutwa tangu asubuhi, sasa likaanza kusukuma. Kitako cha gari kikahamia pembeni, magurudumu yakateleza ingawa breki ilikuwa imekanyagwa hadi mwisho, na gari likaja kukwama kwenye ukingo wa udongo upande wa mlima. Upande wa pili palikuwa na korongo.

Tulikimbia tukaweka mawe mbele ya magurudumu. Tulizo alikuwa bado ameushika usukani kwa mikono miwili. Lusiana akasogea dirishani, nami nikadhani atamgombeza.

"Bila wewe mbegu hizi zingekuwa bado barabarani," alimwambia. "Hatukuvuti ili usiende, baba. Tunakuvuta ili ufike."

Tulizo akashuka garini. Aliichukua kamba mwenyewe, akaifunga kwenye chuma cha nyuma cha tela, kisha akatuuliza kama fundo limekaza. Mama mmoja akasema tulikaze zaidi, mbuzi wetu asije akatoroka, na hata Tulizo akacheka.

Tukashuka. Lusiana alitangulia akitaja kisiki kinachofuata, Tulizo alikwenda kwa mwendo wa kinyonga, nasi nyuma tulikaza na kulegeza huku katani ikituchoma viganja. Tulipokuwa tukiingiza gunia la mwisho ghalani, mvua ikashuka. Siku chache baadaye mbegu zilikuwa ardhini, na kabla msimu haujaisha bonde lote lilikuwa jeupe kwa maua ya viazi.

Mwaka uliofuata alikuja dereva mgeni na gari lililovuta tela la mbolea. Alipofika kileleni akashangaa kumwona Tulizo, aliyekuwa amekuja tena likizo, akiinama nyuma ya tela na kamba mkononi. Akauliza kwa hasira ni nani anayetaka kumchelewesha. Tulizo hakuinua hata kichwa. Alimalizia fundo lake, akalivuta kulijaribu, kisha akamjibu kwa upole:

"Nenda tu, ndugu yangu. Kamba ya nyuma nayo hufikisha."