Mabawa ya Mboni

Sogeeni, wajukuu zangu, sogeeni. Mikono ipukuchue mahindi, masikio mnipe mimi. Mpo? Semeni tupo! Basi tutoke huku twende kule, kale ya kale, enzi mlima huu ulipokuwa na ukungu mchana kutwa na ndege wakielewa maneno ya watu.

Kale hiyo, ulezi ulipokaribia kuiva, wasichana wadogo walicheza ngoma ya ndege. Walivaa mabawa, wakazunguka mashamba wakiruka na kuimba, ili ndege wawaone, wawadhani ni wana wao, wasile chakula chao. Mabawa hayakuuzwa, wala hayakuazimwa. Kila mama aliyatengeneza nyumbani kwake, kwa mikono yake.

Palikuwa na mjane, jina lake Nakijwa. Mtoto wake alikuwa mmoja tu, Mboni. Mmoja, wajukuu zangu, kama jicho la chongo! Mwaka ule Mboni alitimiza miaka saba, umri wa kucheza. Na mwaka uleule kikohozi kikamshika. Kikamshika kifua, kikamshika mbavu, kikamlaza kitandani. Waganga wakaja na mizizi, wakaenda na mizizi. Dawa ilipita kooni, kikohozi kikabaki kifuani.

Nakijwa akaona mwanawe anapukutika. Naye akashindwa kumtazama. Hapo sikilizeni vizuri: si kwamba hakumpenda. Alimpenda mno, na kumtazama kulimchoma. Basi akatafuta kazi ya kutazama badala yake.

Akakata matete, akayakunja juu ya moto, akayafunga kwa nyuzi za mgomba. Akaenda kinamasini, akaokota manyoya ya yangeyange, meupe pepepe, akayabandika kwa ulimbo, unyoya baada ya unyoya. Akatazama, akaona bawa la kulia limelizidi la kushoto. Akabandua. Akabandika, akabandua, akabandika, akabandua. Siku zikaenda, mama yuko uani, mtoto yuko ndani.

"Mama!"

"Naam, mwanangu."

"Njoo ukae na mimi."

"Nakuja. Nimalizie safu hii."

Safu ikaisha, akaanza nyingine.

Jirani yao, Mama Kiondo, ndiye aliyekuwa akileta uji. Siku moja akaweka kata chini, akasema, "Nakijwa, mtoto anakuulizia."

"Si ninamtengenezea mabawa?"

"Haulizii mabawa. Anakuulizia wewe."

"Ngoma ni keshokutwa, Mama Kiondo! Unataka wenziwe wamcheke?"

Mama Kiondo akamtazama, akamtazama. "Ndugu yangu, mtoto huyu hata kukaa hawezi."

"Atacheza!" Nakijwa akafoka. "Nimesema atacheza!"

Mama Kiondo akainua kata yake, akaenda zake. Wewe ungemwambia nini?

Kulipokucha, bawa la kushoto lilikuwa limepungukiwa na manyoya sita. Sita tu. Nakijwa akaingia ndani kuchukua kikapu, akitembea upesi, macho chini.

"Mama, unakwenda wapi?"

"Kinamasini. Bawa moja halijatimia."

"Hata moja linanitosha."

"Nani alimwona ndege wa bawa moja? Lala. Sichelewi."

"Usiende, mama."

Akaenda.

Mpo bado? Mbona sauti zimepungua?

Kinamasi kilikuwa mbali, mabonde mawili. Akapata unyoya wenye tope, akautupa. Akapata uliovunjika, akautupa. Alitaka safi. Akaingia majini hadi magotini, hadi kiunoni. Jua lilipopinduka alikuwa nayo sita, meupe yote, ameyafunga pindoni mwa nguo. Akarudi mbio.

Mlangoni pake akakuta wanawake wameketi chini, wote kimya. Akajua kabla hajaambiwa. Akauliza neno moja tu:

"Nani alikuwa naye?"

"Mimi," akasema Mama Kiondo. "Nilimshika mkono. Alidhani ni wewe, nami sikumkatalia."

Wakamzika Mboni siku hiyohiyo. Keshoye ngoma zikalia, watoto wa wenzake wakaruka na kuimba mashambani, na Nakijwa akazisikia akiwa amekaa uani peke yake. Mabawa yakabaki palepale. Mvua ikayanyeshea, ulimbo ukaachia, upepo ukachukua unyoya mmoja mmoja, naye hakuinuka kuokota hata mmoja.

Aliishi miaka mingi, na hakuzaa tena. Lakini kila nyumba iliyopata mgonjwa, walimwona Nakijwa anakuja mikono mitupu, hana uji, hana kuni, hana dawa. Wengine walimsengenya. Yeye alikaa ukingoni mwa kitanda, akamshika mgonjwa mkono, akamtazama usoni, mpaka apone au mpaka aage. Msidhani moyo wake ulipoa kwa hayo. Haukupoa.

Ndiyo maana nawaambia, wajukuu zangu: kazi ya mikono ni njema, na zawadi ni njema. Lakini anayekuita "njoo", usimpe kitu. Mpe uso wako, na umpe angali anakujua.

Kisa nimekitoa kinywani, nimekiweka mapajani mwenu. Kama ni kizito, kibebeni hivyohivyo, mimi nimetua.