Nyufa za Kibanda cha Mlimani

Akina mama wenzangu, na nyie akina baba mliobanana kule nyuma karibu na mlango, kabla hatujafunga nawapa mfano mmoja. Mwenye mtoto anayelia atoke naye tu, asione aibu, atasimuliwa na jirani yake.

Palikuwa na mke na mume, vijana bado, watu wa huku kwetu bondeni kwenye joto. Walipooana walipewa zawadi ambayo sisi hatujaizoea, siku chache za kupumzika kwenye kibanda cha mbao kule juu milimani Usambara, wawili tu, hakuna wageni wa kupikia, hakuna masufuria ya shughuli ya kusugua. Kibanda chenyewe kilijengwa kwa mbao za msonobari, mbao zikakauka zikaachana, na kati ya ubao na ubao mwanga unapita, na mwanga ukipita upepo nao haubaki nje. Yule binti alitetemeka mpaka meno yakagongana. Mume akavua soksi zake akamvisha mikononi, wakacheka, wakajifunika blanketi moja mbele ya jiko la mkaa wakala plamu, na kwa kuwa baridi haikuwaacha walale, wakaongea. Ndipo mume alipomweleza jinsi baba yake alivyofariki yeye akiwa darasa la pili, mama yake akamlea kwa maandazi, akiamka kabla ya jogoo. Binti akamshika mkono kwa mkono wake wenye soksi. Akajua ameolewa na mtu.

Basi siku zile hazikumtoka. Mnajua jinsi siku zinavyokaa ndani ya mtu kama harufu ya nguo ya sandukuni. Miaka ikaenda, maisha yakabana, mtoto akaja, na mtoto alipokuja hofu nayo ikaja, ikajipangia chumba. Usiku mtoto akilia, yule mama anapumua. Mtoto akinyamaza, ndipo anaposhtuka, anapapasa gizani, anaweka kiganja chini ya pua ya mtoto asikie kama pumzi inatoka. Mnacheka? Nani humu hajawahi kufanya hivyo?

Siku moja akamwambia mumewe, "Turudi kule mlimani."

"Kule kwenye baridi? Na mtoto wa miezi mitano?"

"Kule kule. Kibanda kile kile. Nataka tukae kama siku zile, mimi na wewe, kabla sijasahau unafananaje."

Mume akacheka, akaomba ruhusa kazini, wakapanda.

Mwenye vibanda, mama mmoja mnene wa maneno mengi, akawapokea njiani. "Maharusi wangu, mliondoka wawili mmerudi watatu. Hicho kibanda changu kinafanya kazi." Akawawashia jiko nje, makaa yalipokolea akawaingizia ndani. Yule mama kijana akaangalia zile nyufa, zimekuwa pana kuliko alivyozikumbuka, akauliza kama hakuna kibanda kingine. "Kibanda hiki hakijawahi kuua mtu kwa baridi," akajibiwa, na mwenye vibanda akaenda zake.

Ilipofika saa kumi, mume akachukua simu. Mtandao kule hakuna, labda upande kwenye jiwe kubwa lililo juu ya njia, ndipo simu inaamka. Na huyu bwana alikuwa na desturi yake, kila siku saa kumi jioni anampigia mama yake. Ndoa haikuiondoa, mtoto hakuiondoa. Na mama yule maswali yake ni yaleyale kila siku: mmekula nini, mtoto amevaa soksi, ile khanga niliyowapa inamfunika? Mke akabaki kibandani anasikia sauti ya mumewe kwa mbali ikisema ndiyo mama, ndiyo mama, na moyo wake ukajaa. Jamani, mtu unapanda mlima mzima, na mama mkwe anapanda nawe kwenye mfuko wa shati.

Mume aliporudi, mke akamwuliza, "Umemwambia tumekula nini?"

"Nimemwambia. Na nimempa namba ya mwenye vibanda, ikitokea hanipati."

"Umempa na namba ya mwenye vibanda." Akageukia kumfunika mtoto. Lakini nyie mnaijua ile sauti.

Kesho yake mvua ikaanza asubuhi, ukungu ukashuka mpaka mlangoni, na upepo ukaingia kwa kila ufa kama umealikwa. Mtoto akapiga chafya. Chafya moja tu, akina mama. Lakini yule mama kijana alishaambiwa na majirani kuwa baridi ya mlimani inaingia kifuani kwa mtoto haitoki, na tangu hapo kila alipomwangalia mtoto alimwona amekwisha kuugua. Akakumbuka walivyosomeshwa shuleni, usipoziba ufa utajenga ukuta. Akatafuta kitambaa. Khanga iliyokuwepo ni ile ya mama mkwe, aliyoletewa alipojifungua. Akaishika kidogo. Kisha akaichana. Akachana vipande vyembamba virefu, akachukua kisu cha kumenyea viazi, akaanza kusokomeza kitambaa kati ya ubao na ubao, ufa kwa ufa, juu mpaka alipofika kwa kusimama kitandani, chini mpaka kizingitini. Vitambaa vilipoisha akaweka magazeti.

Mume akamwambia, "Mke wangu, sasa hata mwanga hatuna."

"Tuna jiko."

Na kweli kibanda kikapata joto. Ile sauti ya upepo ikakatika, kukawa kimya kizuri, mtoto akalegea kwa usingizi, na mama yule kwa mara ya kwanza tangu ajifungue akasikia mabega yake yanashuka. Wakala wali wao wa mchana. Mume akaangalia saa, akaanza kutafuta viatu.

"Leo usiende," mke akamwambia. "Mvua yote hii. Lala kidogo na sisi."

"Mama atangoja."

"Atangoja nini? Ni mama yako, siyo bosi wako. Siku moja tu, niachie siku moja."

Mume akamwangalia, akaona macho yake yamechoka, akaviacha viatu. Akafunga mlango kwa komeo, akaja akajilaza upande wa pili wa mtoto. Na yule mama akawaza, haya, sasa ndiyo imekuwa kama siku zile. Upepo nje, watu nje, sisi ndani. Akafumba macho akimshukuru Mungu.

Ngoja niwaulize. Angekuwa ni wewe, usingeshukuru?

Lakini jiko la mkaa mnalijua. Makaa yakikolea hayana moshi, hayana harufu, yamekaa pale mekundu kama mapambo, kumbe yanakula hewa ya chumba na kutoa sumu usiyoiona. Siku zile za harusi jiko hilohilo lilikuwa ndani ya kibanda hichohicho, na hawakujua kwamba kila walipotetemeka walikuwa wanapewa hewa.

Saa kumi ikafika. Ikapita. Kule bondeni mama mmoja amekaa kibarazani na simu mapajani. Akapiga, hapatikani. Akangoja, akapiga tena. Mwisho akampigia mwenye vibanda, ambaye nyumba yake iko chini, mtandao unakofika.

"Wamelala mama, mvua inanyesha," mwenye vibanda akamwambia. "Ni vijana hao. Waache."

"Mwanangu hajawahi kuipitisha saa kumi. Hata siku ya harusi yake alinipigia. Nenda kaniangalizie."

"Kwenye mvua hii?"

"Nenda, mwanangu. Nitakuombea."

Mwenye vibanda akajifunika gunia la nailoni kichwani, akapanda akinung'unika njia nzima. Akabisha hodi. Kimya. Akagonga. "Nyie maharusi, mama yenu ananimalizia chaji." Kimya. Ndipo alipoona vitambaa vimetokeza kwenye nyufa, rangi kwa rangi, kama kibanda kimevalishwa, na akalikumbuka lile jiko la mkaa ndani. Akaupiga ule mlango kwa bega, na bega lake si dogo, komeo likang'oka.

Yule mama alisikia kishindo kama kinatoka mbali sana. Akafungua macho, kichwa kinagonga kama kinu, miguu siyo yake. Akapapasa akampata mtoto. Akaweka kiganja chini ya pua yake, kama alivyozoea kila usiku. Akangoja. Hakusikia kitu.

Akatoka naye akitambaa, akafika nje, akakaa kwenye matope, mvua inawapiga wote wawili usoni, baridi ile ile, na hakumfunika. Akamwelekezea uso kwenye upepo. Nyuma yake mwenye vibanda anamburuta mume kwa makwapa, anamwita mwanangu, mwanangu amka. Na yule mama hakuweza hata kuomba, alikuwa anasema neno moja tu, pumua, pumua, pumua.

Mtoto akapiga chafya.

Ile chafya, ndugu zangu. Ile ile ya asubuhi iliyomtia hofu. Kisha akalia, kilio kidogo, kisha kikubwa, na baba yake kule chini akakohoa akauliza ni nini.

Walishushwa zahanati, wakaangaliwa, wakakaa pale mpaka mganga aliporidhika. Walipotoka, mvua imekatika, mke akamwomba mumewe simu. Zahanati pale mtandao ulikuwepo. Akapiga yeye mwenyewe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mmekula nini?"

Akalia kidogo, akajifuta. "Wali, mama. Na maharage."

"Mtoto amevaa soksi?"

"Amevaa."

"Na ile khanga, inamfunika?"

"Nimeichana, mama. Nilikuwa naziba upepo."

Yule mzazi akasema, "Nitanunua nyingine. Kesho saa kumi usisahau, umwambie na yeye."

Wakarudi kibandani, mke akaing'oa khanga yote ukutani, na magazeti, kipande kwa kipande. Upepo ukaingia. Safari hii jiko wakaliacha nje. Mume akavua soksi zake akamvisha mikononi, wakamweka mtoto katikati chini ya blanketi, na kwa kuwa hawakuweza kulala, wakaongea. Mke akagundua kwamba siku zile alizozitafuta zimerudi, na zimerudi kwa kupitia mlango ule ule wa baridi.

Sasa tugeukie kwetu. Mtasema fundisho ni jiko. Sawa, jiko toeni nje, na msizibe pumzi ya chumba, hilo sihitaji mimbari kulisema. Lakini mimi nasema na wewe uliyeziba nyumba yako. Umemwambia mama mkwe asije mpaka aitwe. Jirani yule anayeuliza uliza umemfungia dirisha. Dada wa jumuiya anayekuja kukuangalia kila Jumatano unamwambia mtoto mwambie mama hayupo. Umefanya kwa upendo, najua. Umefanya kwa hofu, maana umeona dunia ina baridi na una kitu kidogo mikononi usichotaka kukipoteza. Nani atakulaumu? Wahenga walituambia tuzibe ufa, na hawakukosea, nyufa za kuzibwa zipo. Ila je, umewahi kumwuliza Mungu huu uliouziba leo ni upi? Je, kama kwa huo ufa ndiyo anakupulizia, na wewe umesokomeza humo hata ile khanga uliyopewa zawadi?

Tunalia tunataka siku zile za zamani, siku za ndoa mpya, siku za wokovu wetu wa kwanza, tulipokuwa hatuna kitu na tulikuwa na furaha. Tunazitafuta ndani ya vyumba tulivyovifunga. Hazimo humo.

Ukifika nyumbani leo, usianze na kusema. Nenda kwenye ule ufa unaouchukia, yule mtu, lile swali la kila siku, ile simu ya saa kumi. Weka kiganja chako pale, taratibu, kama unavyokiweka chini ya pua ya mtoto aliyelala. Usikilize kama kuna pumzi inapita.