Nta ya Bombo

Waliotutangulia hawakusema kwamba afichaye ugonjwa hatajulikana. Walisema atajulikana, tena siku ambayo kujulikana hakumsaidii kitu. Erasmo, fundi mwashi wa Bombo, kule milimani, aliyajua hayo tangu shule ya msingi. Hata mtihani wake aliupasi. Lakini kuyajua ni jambo moja, kuyaishi ni kupanda mlima kwa magoti.

Aliitwa Hedaru, chini tambarare, kujenga ghala la mahindi la chama cha wakulima. Kanuni zilitaka kuta zisizopitisha hewa, maana mahindi yangefukizwa dawa ya kuua dumuzi, na hewa ya dawa hiyo haibagui mdudu na mtu. Ubavuni mwa ghala kilikuwa chumba cha mlinzi, Habibu, mzaliwa wa Hedaru, mwenye ulimi usiojua Jumapili.

"Wewe mtu wa ukungu, mwagilia ukuta!" Habibu alimtania. "Jua la huku halina habari kwamba wewe ni mgeni."

"Miaka ishirini najenga, leo nifundishwe na mlala mchana!" Erasmo alijibu, wakaangua kicheko.

Kule Bombo ukungu humwagilia saruji bure. Hedaru saruji ilikauka kama mate kinywani mwa mwenye saumu. Wiki moja kabla ya ukaguzi, ukuta uliotenganisha ghala na chumba cha Habibu ukapasuka ufa mwembamba kama unywele. Kanuni ilikuwa wazi: plasta yote ibanduliwe, ukuta upimwe upya. Erasmo akaona jina lake likibanduliwa pamoja na plasta. Akaujaza ufa nta ya nyuki, kama babu yake alivyoziba vibuyu, akapaka chokaa juu.

Mkaguzi, Rabia, alifunga feni mlangoni, ikasukuma hewa ndani, naye akatazama mshale wa kipimo. Mshale ukatulia kama bibi harusi.

"Fundi, kuna mahali unapotilia shaka?" aliuliza. "Kurudia si aibu. Ukuta usipofaulu, mlinzi halali hapa siku za dawa."

Erasmo akamtazama Habibu, ambaye tayari alikuwa akimpigia ngoma ya ushindi kwa ndoo.

"Hakuna, mama."

Cheti kikatundikwa. Erasmo akapanda kwao, akiapa moyoni kurudi na saruji kabla ya siku ya dawa. Yakaja mavuno ya maharage, ikaja mvua, kikaja kipaimara cha binti yake. Kiapo kikalala usingizi wa pono. Mwezi wa pili joto la tambarare likapanda, mabati yakawaka. Na nta, ambayo Bombo ni jiwe, Hedaru ni jasho.

Simu ya Saada, mke wa Habibu, ilimkuta shambani asubuhi.

"Shemeji, mwenzio hakuamka."

Alipofika, maiti ilikuwa imeshatolewa, chumba kimeachwa wazi hewa ya dawa itoke, na watu walikuwa uani wakingoja jeneza. Akajipenyeza chumbani peke yake. Mchirizi wa manjano ulikuwa umeshuka ukutani hadi usawa wa mto wa kitanda. Akaukwangua kwa kucha, harakaharaka, mpaka akasikia hatua nyuma yake.

Alikuwa Saada. Tangu asubuhi hakuwa ametoa chozi.

"Nilimwambia aje nyumbani siku hizi za dawa," alisema, sauti imekauka. "Akanicheka. Akasema, 'Ukuta wa Erasmo haupitishi hata umbea.'" Kisha macho yake yakashuka. "Shemeji, hicho nini kidoleni?"

Erasmo alitaka kusema ni udongo. Badala yake akakinyoosha kidole.

"Ni nta. Ukuta ulikuwa na ufa. Niliuficha."

Saada akautazama ukuta, akautazama mto wa mumewe. Ndipo akapiga yowe lililofika barabara kuu, uani watu wote wakageuka, na Rabia, aliyeitwa kuukagua ukuta upya, akasimama mlangoni, cheti mkononi, akimtazama fundi.

Mficha maradhi, kilio humuumbua.