Vijiti vya Bwana Lakini

Hadithi hii isome mpaka mwisho, kisha mpelekee mtu mmoja ambaye huwa mnabishana naye. Mwenyewe utaona kwa nini.

Katika kijiji kimoja cha nyanda za juu kusini, kipupwe hakina mchezo. Mwezi wa saba watu huamka na kukuta sakitu, ule umande ulioganda, umetandaza shuka jeupe juu ya majani. Mahindi yamekwisha kuvunwa, majembe yameegemea ukuta, na mtu hana kazi kubwa isipokuwa kuota moto akisubiri jua lipande.

Bibi shamba wa kijiji hicho, Tulinagwe, aliona huo ndio wakati wa kufundisha. Kila kipupwe, Alhamisi nne mfululizo, aliwakusanya wakulima na wafugaji katika ghala la ushirika. Asubuhi mazao, mchana mifugo. Watu walikuja wamejifunga mablanketi, wakakaa juu ya magunia kuzunguka majiko ya mkaa, wakanywa uji wa ulezi na kusikiliza.

Jambo alilolisisitiza kuliko yote lilikuwa la viazi. Viazi vya kijiji vilikuwa vikipungua mwaka hadi mwaka. Mche ulinyauka ungali kijani, na ukiuchimbua unakuta viazi vitatu vya ukubwa wa gololi.

Tulinagwe aliijua sababu. Desturi ya pale ilikuwa kuuza viazi vikubwa, kula vya kati, na kupanda vile vidogo kabisa vilivyobaki. Ilionekana ni busara, maana ni nani atakayefukia chakula kizuri ardhini? Kumbe vidogo vingi hutoka kwenye miche migonjwa. Kila mwaka kijiji kizima kilikuwa kikipanda ugonjwa kwa mikono yake.

"Viazi vikichanua," aliwaambia, "pita shambani na vijiti. Kila mche wenye afya, uchomekee kijiti. Siku ya kuvuna chimba kwanza yenye vijiti, viazi vyake uviweke kando. Hiyo ndiyo mbegu yako. Usitazame ukubwa wa kiazi, tazama afya ya mama yake."

"Tumeelewa, mwalimu," ghala zima likaitikia, na makofi yakapigwa.

Mikono miwili tu haikupiga makofi. Ilikuwa ya Chaula, mwanamume wa makamo, mfupi, mwenye shamba la viazi ng'ambo ya kijito na ng'ombe mmoja wa maziwa. Hakuna aliyemwita Chaula. Aliitwa Bwana Lakini, kwa kuwa sentensi zake zilikuwa hazijui mlango mwingine wa kuingilia.

"Lakini mwalimu," alisema kipupwe cha kwanza, "kiazi ni kiazi. Mama yangu alipanda vidogo maisha yake yote, nami nikavila nikakua."

"Ukakua wapi, wewe?" akauliza Tweve, mwenyekiti wa kikundi cha wakulima, akimpima kwa macho kutoka chini hadi juu, safari ambayo haikuchukua muda.

Watu wakacheka mpaka uji ukamwagika. Chaula naye akacheka. Kisha akasema, "Lakini bado sijajibiwa."

Kipupwe cha pili akazidi. "Lakini mvua ikikiangusha kijiti, mche utautambuaje?" Akajibiwa. "Lakini ng'ombe akipita akavikanyaga?" Akajibiwa, kwa kifupi. "Lakini mche ni mzima leo, wiki ijayo ukanyauka. Kijiti unakiacha au unakitoa?"

Watu wakaguna. Tulinagwe akatazama saa yake, akasema muda umekwisha.

Akirudi nyumbani siku hiyo aliwaza: mtu huyu anatafuta nini? Kama hataki kujifunza, mbona hakosi hata Alhamisi moja? Hakupata jibu, na kwa kuwa alikuwa amechoka, akajipa la karibu. Akajiambia kwamba wako watu wanaopenda tu kubisha.

Basi mwezi wa kwanza, mvua zimeshika na viazi vimechanua, ikaja barua kutoka wilayani. Ilisema mikutano ya kipupwe sasa ina miaka miwili. Afisa angefika Jumatano ya wiki iliyofuata. Aonyeshwe shamba lililobadilika kwa sababu ya mikutano hiyo, hata moja tu. Lisipopatikana, mikutano ingesitishwa na bibi shamba angepangiwa kazi kwingine.

Barua haikuwa na ukali wowote. Lilikuwa swali la haki, na ndiyo maana lilimchoma Tulinagwe. Mikutano ile aliianzisha yeye, na kwa miaka miwili alikuwa hajawahi kujiuliza swali hilo.

Akaketi na kamati ya kikundi.

"Shamba halitakosekana, mwalimu," alisema Tweve. "Tatizo ni moja tu. Yule."

Hakuna aliyeuliza yule ni nani.

"Mgeni atauliza neno moja," akaendelea Tweve, "yeye atatoa lakini ishirini. Atatuharibia. Heri asiambiwe."

 Tulinagwe akachukua kalamu, akaandika majina kumi na mawili ya watakaompokea mgeni. Jina la Chaula halikuwamo. Hakuna aliyemshika mkono wakati wa kuandika.

Siku zilizofuata akapita shamba kwa shamba akitafuta vijiti. Shamba la kwanza hapakuwa na kitu. "Tulipata msiba, mwalimu, tukasahau." La pili, "Watoto walivichomea mahindi." La tatu, la nne na la tano, hamna. Na hawa ndio waliokuwa wakipiga makofi kwa nguvu.

Kwa Tweve alisimama akashangaa. Vijiti vilijaa shambani kama mabua ya mtama. Kila mche ulikuwa na cha kwake, mzima na mgonjwa.

"Mwenyekiti, hivi umeviweka lini?"

"Muda mrefu."

"Muda mrefu gani?"

Tweve akavitazama vijiti. Utomvu ulikuwa bado unatoka. "Tangu asubuhi," akasema.

"Na huu mche ulionyauka, umeuwekea cha nini?"

"Nisingeubagua, mwalimu." Kisha akashusha sauti. "Nilisikia mgeni anakuja. Nikaona tukupunguzie aibu."

Tulinagwe hakuweza kumkasirikia. Alitoka pale akiwaza juu ya yale makofi. Kwa watu hawa mgeni habishiwi, naye kwao alikuwa bado mgeni. Ukimwambia mgeni hapana, ni kama umemfungia mlango mvua ikinyesha. Makofi yao hayakuwa ya uongo. Yalikuwa na maana ya "karibu tena", naye miaka miwili alikuwa akiyasikia kama "tutafanya".

Ikafika Jumanne, kesho mgeni anaingia, na shamba hakuna. Jioni hiyo akirudi kutoka shamba la mwisho kwenye orodha, alikuta kijito kimejaa na magogo ya daraja yamechukuliwa na maji. Ilibidi apande juu, azungukie njia inayokatisha katikati ya shamba la Chaula. Shamba hilo lilikuwa halimo katika hesabu zake.

Alipiga hatua kumi, akasimama.

Shamba lilikuwa limegawanywa katikati kwa kamba ya katani. Upande wa kulia miche ilikuwa imedhoofika, mingine imelala, na mapengo ni mengi. Upande wa kushoto miche ilisimama imeshonana, majani mazito, maua meupe juu yake. Humo ndani, kando ya miche iliyochaguliwa moja moja, vilikuwapo vijiti. Vilikuwa vya mwanzi, vya kijivu kwa kupigwa na mvua zaidi ya msimu mmoja, vimegongomewa kwa kina. Kila kimoja kilifungwa utepe wa kitambaa chekundu, na ncha ya pili ya utepe ilifungwa kwenye shina la mche wake, ili hata kijiti kikianguka mche usipotee.

Mwanamke mwenye tita la majani ya ng'ombe kichwani akatokea kwenye tuta la mwisho. Alikuwa Edina, mke wa Chaula.

"Karibu, mama. Kumbe ndiwe wewe," akasema.

"Nimefanya nini, mama?"

"Umetunyima viazi. Mwaka jana vizuri vyote mwanamume huyu alivipandisha darini. Ukimwuliza, anakwambia ni mbegu ya ushahidi. Sisi tumekula gololi mwezi mzima."

"Ushahidi wa nini?"

"Kwamba wewe ni mwongo," akasema Edina, kwa upole kabisa, akatua tita lake.

Chaula mwenyewe akaja akifuta mikono kwenye suruali. Alipoona aliyesimama ni nani, na amesimama wapi, akapunguza mwendo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Baba, kwa nini hukusema?"

"Ningesema nini?" Aliitazama ile kamba. "Kipupwe cha kwanza niliondoka pale na hasira. Nikasema, huyu binti nitamjibu kwa shamba. Nusu njia yake, nusu njia ya mama yangu. Ya kwake ikishindwa, nang'oa mche na udongo wake, naupeleka ghalani mbele ya watu."

"Na kipupwe cha pili?"

"Kipupwe cha pili nilikuwa nimekwama. Vijiti nusu viliangushwa na mvua. Vingine ng'ombe wangu alivikanyaga. Miche mitatu niliyoichagua ikanyauka baadaye, nami sikujua viazi vyake niviweke wapi. Nikakuuliza." Akakohoa. "Ukaniambia muda umekwisha."

 Yale maswali yalimrudia Tulinagwe moja baada ya jingine, na sasa yalikuwa na sura nyingine. Mtu ambaye hajawahi kuchomeka kijiti atajuaje kwamba kijiti huanguka? Katika ghala lile alikuwapo mtu mmoja tu aliyekwenda nyumbani akafanya, na alikwenda akafanya ili amshinde.

"Baba, kesho anakuja mgeni," akasema. "Kuna orodha ya watakaompokea. Nimeiandika mimi, na wewe nimekuacha nje."

"Najua. Kijiji hiki hakina siri."

"Umekasirika?"

"Kidogo." Akawaza. "Lakini ningekuwa wewe, hata mimi ningejiacha."

Kesho yake afisa akafika, mtu mzima asiye na haraka. Alisimama kwenye ile kamba muda mrefu, akatazama kulia, akatazama kushoto, akainama akakigusa kijiti kimoja.

"Huyu bwana ndiye mwanafunzi wako bora?" akamwuliza Tulinagwe.

"Hapana, mzee. Huyu ndiye anayenipinga."

Afisa akamgeukia Chaula. "Na sasa umeridhika?"

Tweve, aliyesimama nyuma na wenzake kumi na mmoja, akafumba macho.

"Lakini bado hatujavuna," akasema Chaula. "Majani si viazi. Njoo siku ya kuchimba, uje na mizani. Hapo ndipo nitasema."

 Afisa akacheka, akatoa daftari lake, akamwomba amtajie tarehe.

Siku ya kuchimba alirudi kweli. Upande wa mama yake Chaula ulitoa magunia matatu. Upande wa vijiti ulitoa saba. Afisa aliandika, akafunga daftari, na kipupwe kilichofuata ghala la ushirika likafunguliwa kama kawaida.

Alhamisi ya kwanza Chaula alisimama juu ya gunia lake, apate kuonekana. "Nilimbishia huyu," akasema. "Nimeshindwa kwa magunia manne. Anayetaka mbegu aje nyumbani, ila mke wangu amesema viazi vikubwa mwaka huu tunakula." Akaketi.

Watu wakainua mikono wapige makofi, Tulinagwe akawazuia.

"Kabla ya makofi," akasema. "Mchana huu somo ni kuwavunia ng'ombe majani ya akiba. Mmenisikia nikieleza. Ni nani hakubaliani nami?"

 Mkaa ukalia katika majiko. Watu wakatazama vikombe vyao, na wengine wakamtazama Chaula, ambaye safari hii alikuwa ametulia tu.

Kisha, upande wa mbele, mkono mmoja ukapanda polepole kama unaobeba mzigo. Ulikuwa wa Mwenyekiti Tweve, mtu ambaye hajawahi kumbishia mgeni tangu azaliwe.

"Mwalimu," akasema, "utuwie radhi sana. Wewe ni mgeni wetu na tunakuheshimu." Akamtupia jicho Chaula. "Lakini..."

Ghala lote likaangua kicheko, na hakuna aliyecheka kumshinda Chaula. Alipomaliza kujifuta machozi, akajisogeza kwenye gunia lake, akampungia Tweve mkono aje wakae pamoja.

Funzo: Makofi hukuonyesha kwamba umeheshimiwa, swali gumu hukuonyesha kwamba umesikilizwa. Usimfute anayekubishia katika orodha yako kabla hujakwenda kulitazama shamba lake.