Majiko Yaliyorudi Kiwandani

Poleni, ndugu zangu. Dakika nane nzima nimehubiri hapa kipaza sauti kikiwa kimezimwa. Mama Eliakunda, pale benchi la mbele, alikuwa ananipungia mikono yote miwili, nami, mtu niliyepotea katika viwanja vya ndege vya nchi nne kwa kutoelewa ishara, nikajua ameguswa na Roho. Nikazidi kupaza sauti! Kumbe ananionyesha swichi. Haya, chekeni. Mkimaliza niwape mfano, maana aibu hii imenikumbusha mtu.

Palikuwa na bwana mmoja mwenye kiwanda cha majiko ya mkaa, yale ya bati nje na udongo ndani. Alisoma ng'ambo, na vyeti vyake vilijaa ukutani mpaka kalenda ikakosa mahali. Lakini majiko yake yalipasuka. Mama lishe wa sokoni walinunua Jumatatu, Alhamisi wakayarudisha yana ufa. Mwisho wakamwambia, "Jumamosi tuletee jiko lisilopasuka, au tunarudia mafiga yetu." Wao ndio walikuwa wateja wake wakubwa. Wakiondoka, kiwanda kinafungwa, na watu thelathini wanarudi nyumbani.

Bwana yule akakosa usingizi. Akabadilisha udongo. Akaongeza mchanga. Akaunenepesha udongo wa ndani mpaka jiko moja likabebwa na watu wawili. Kiwandani aliliwasha kutwa nzima, likapoa lenyewe, zima kabisa! Sokoni? Siku ya pili tu, ufa.

Ijumaa asubuhi akapita uani, akamkuta mama mmoja ambaye kazi yake ilikuwa kuyapondaponda yale yaliyorudishwa.

"Bosi," akasema yule mama bila kuacha nyundo, "umewahi kulipikia ugali?"

"Nimelipima kwa vipimo vyote."

"Sikuulizia vipimo. Njoo."

Akasonga ugali palepale kwenye jiko jipya, bosi kachuchumaa na tai yake. Ugali ulipoiva, mama akaepua sufuria, akachukua kopo la maji na kuunyunyizia mkaa uliobaki. Chwaaa! Kisha, ndani ya jiko, pa! Ufa huo, kama mstari wa rula.

"Mbona unaumwagia maji?" bosi akaruka.

"Mkaa wa kesho huo. Niuache uteketee, wewe utaniletea mwingine?"

Ndugu zangu, ni nani hapa ambaye mama yake hakuzima mkaa kwa maji? Nchi nzima inajua! Bwana yule pia alijua. Mama yake alifanya hivyohivyo. Ila alipoingia ofisini, alimwacha mama yake mlangoni.

Akakaa chini kwenye vumbi. Hapo ndipo akakumbuka tanuri la mikate aliloliona ng'ambo: ukilifunga, moto unakufa kwa kukosa hewa. Kutwa ile wakakata bati, wakatengeneza kifuniko na kamlango ka kuziba chini. Jumamosi mama lishe wakapika, wakafunika, mkaa ukazimika mkavu. Jiko kimya. Wakarudia mara tano. Kimya! "Lete mengine kama hili," wakasema, na bwana yule akacheka huku machozi yanamtoka, kama mtu aliyetuliwa gunia mgongoni.

Akamgeukia yule mama. "Umelijua hili tangu lini?"

"Tangu mwaka juzi."

"Mbona hukusema?"

"Nilisema mara mbili. Ya kwanza ukaniambia asante. Ya pili ukanipa ufagio."

Sasa sisi je? Msiseme elimu yake ilikuwa bure. Bila lile tanuri, kifuniko kingetoka wapi? Mama aliujua ugonjwa, bosi akaijua dawa, na katikati yao palikuwa na hatua ishirini ambazo hakuna aliyezipiga. Sisi tumebadilisha saa ya maombi ya Jumatano mara tatu, na vijana bado hawaji. Tumekaa vikao vingapi? Na ni kijana gani mmoja tuliyemfuata kumuuliza? Mungu hajatunyima maarifa, ndugu zangu. Ametuwekea uani, nasi tumeyapa ufagio.

Nami naanza leo. Mama Eliakunda, nisamehe. Siku nyingine nikikosea, nipungie tena, nitakuelewa.

"Sipungi tena, Mchungaji. Nitakuja kuwasha mwenyewe."